Meno ya Papai

Nilianza na maji ya moto, kama kila mtu.
Bwana Shaame akija na birika linalotokota,
"Unguza, Mafunda! Unguza!"
nami nikamimina juu ya mashine ya kusagia,
na damu, badala ya kuondoka, ikaiva.
Ikaiva, wallahi. Ikawa utando wa kahawia
uliogandia matundu ya sahani
mithili ya ukoko chini ya sufuria,
na ukoko ule ulikuwa na wakaazi wake.

Miaka minne naosha bucha hii ya Limbani.
Jiki ilinila kucha.
Magadi yakanichubua viganja.
Nikachemsha makonyo ya karafuu,
soko zima la Wete likanukia ghala la msimu,
lakini harufu nzuri juu ya uchafu
ni kanga mpya juu ya mwili usiooga.

Kisha lilichinjwa lile dume la gari la Kinyasini,
dume lililovuta matofali mpaka likasahau kulia.
Nyama yake, kiatu.
Mkwe wangu Bi Chumu akachanja papai bichi mtini,
akakinga utomvu kwa kifuu,
akapaka, akafunika kwa majani, akakaa.
"Lina meno haya," akasema. "Hutafuna kabla yetu."
Usiku paja lilikatika kwa kijiko.
Wenzangu wanasifu mchuzi,
mimi tonge iko mdomoni, akili iko bucha:
kilicholishinda dume lile
kitashindwaje na uzi wa nyama ulionasa kwenye parafujo?

Sasa hufanya hivi.
Nakwangua. Nasuuza kwa maji baridi.
Ndooni, maganda ya nanasi yaliyovunda siku tatu,
maganda ya papai bichi niliyoyaponda,
na maji ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto;
yakizidi hapo, meno yang'oka.
Natumbukiza kisu cha ncha nne, sahani, parafujo,
nakwenda kuswali Isha.
Nikirudi maji yamefanya ukungu,
utando unaelea juu kama ngozi ya maziwa,
na chuma, masikini, kimerudishiwa uso wake.

Nilijisifu mapema.
Wiki ya pili nilikwenda kusajili laini ya simu,
kile kidude kikanikataa kidole mara tano.
Kijana akafuta kioo, akanitazama:
"Mama, kwani wewe ni nani?"
Nikageuza mkono. Vidole vyekundu, laini,
mistari yangu yote imeliwa.
Papai halijui paja la dume na dole gumba la Mafunda.
Kwake nyama ni nyama.
Tangu siku hiyo navaa glavu,
zile nene, za bluu, za kulipia mwenyewe.

Akaja Bi Mwanaiki wa afya na vijiti vyake vya pamba,
akapitisha hapa, akapitisha pale,
akaviweka kwenye vichupa, asiseme neno.
Alhamisi karudi.
"Umeosha vyema. Lakini kuosha si kuua.
Papai limekula chakula cha vijidudu;
wenyewe wamo, wana njaa, wanasubiri.
Sasa ndiyo lete birika."

Bwana Shaame alicheka mpaka kofia ikamwanguka.
Birika lake halikuwa na kosa jamani,
ila lilikuwa likitangulia mbele ya wakubwa.

Alfajiri, kila kitu kimeanikwa, kikavu,
gogo la mkwaju limesuguliwa mpaka nyuzi zake zaonekana.
Nzi wa kwanza anatua.
Anapangusa mikono kama mgeni wa karamu,
anatembea ukingo huu hadi ule,
anachungulia tundu moja la sahani, la pili, la tisa.
Wahenga walimruhusu afie kidondani, si hasara.
Hapa kidonda hakuna.
Anaruka, anakwenda kwa jirani.
Jirani bado anaanza na birika.