Kigari Kisichobeba Kitu

Singano alikianza kwa chaki, sakafuni,
Barabara ya Kumi na Mbili, nyuma ya kinu cha kusaga.
Akachora mstatili, akachora magurudumu manne,
kisha akajilaza ndani ya mchoro, apime miguu.
"Hapa ndipo nitakapokaa."
Mimi nipo mlangoni, utepe wa kupimia shingoni:
"Inuka, unachafua shati nililokushonea."

Mabomba ya fremu ni kitanda cha marehemu shangazi yake,
aliyetuachia kitanda hicho na deni la maji.
Magurudumu ni ya matoroli mawili,
moja bado lina jina la mkandarasi kwa rangi nyekundu.
Usukani ulitoka kwenye trekta bovu la shamba la mkonge,
mkubwa mno, umemkaa kifuani kama sinia la pilau.

Injini tuliifuata Muheza,
kwa mama mmoja aliyekuwa akimwagilia nyanya.
Alitaka laki mbili na nusu.
Singano alimpa laki na themanini
na ahadi ya kumchomelea geti.
Akavuta kamba, kimya. Akavuta tena.
Ya nne ikakohoa, ikashika, kuku wakatawanyika.
"Mnavuta maji ya wapi?"
"Hatuvuti maji, mama."
"Mtasaga?"
"Hatusagi."
Akatutazama kama mtu aliyeuza mbuzi
kwa watu wasiokula nyama.

Mtaa nao ukaja na maswali yake.
Tanga hii gurudumu halizunguki bure:
baiskeli ina mkaa, ina madafu,
ina mke na mtoto na godoro juu yao.
Kinabeba nini?
Hakibebi kitu.
Kinakwenda wapi?
Kinazunguka, kinarudi.
"Basi umeteketeza vyuma bure," akasema Kihiyo wa vipuri,
ambaye jioni alirudi, akaangaza huku na huku,
akakikalia.

Jumapili tukakipakia kwenye kirikuu hadi Pongwe,
kwenye njia nyekundu za mkonge,
mkonge umejipanga kama sindano kwenye kijito changu cha cherehani.
Alizunguka yeye kwanza. Akarudi na meno mekundu kwa vumbi,
hasemi, anacheka tu, ananionyesha kiti.

Kanga nikaifunga mara mbili, ncha nikazikalia.
Breki ni kipande cha tairi na Bismillahi.
Mwendo siujui, hakina saa ya mwendo;
najua machozi yalikimbilia masikioni.
Nikatoa kicheko nisichokitambua,
kilikuwa kimekunjwa ndani yangu miaka mingi
kama kitambaa cha mteja asiyerudi.

Kona ya tatu mnyororo ukakatika.
Injini ikaendelea kupiga kelele, gari limesimama.
Tukakisukuma hadi barabarani tukigombana
ni nani aliyesema mnyororo wa baiskeli unatosha.
(Ni yeye.)

Januari ikaja na ada, na sare, na madawati ya kuchangia.
Singano akafungua boliti nne.
Injini ikaenda Mombo, kwenye mpunga, kuvuta maji
kama ilivyozaliwa.
Aliifuta mafuta kwanza, kila pembe, polepole,
kama mtoto anayepelekwa bweni.
Sikumwuliza kitu. Nilikuwa napiga pasi.

Fremu ipo uani.
Kuku mmoja hutagia kwenye kiti nilichokishona,
ngozi ya bandia rangi ya machungwa, sponji la godoro.
Watoto wa Kihiyo huingia wanne kwa mpigo,
injini ipo midomoni, mate yanaruka,
na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi.

Jana nimemkuta tena na chaki.
Mstatili safari hii ni mpana.
Sikumwambia ainuke.
Nilivua ndara, nikalala upande wa pili wa mstari,
sakafu ni baridi,
nikamwambia apime vizuri, mimi mguu wangu wa kushoto
ni mrefu kidogo.