Namba ya Pili

Ukutani, masjala ya vizazi na vifo, Tanga mjini,
kisanduku cheupe kilisema: 24.
Kilisema hivyo asubuhi, kikasema hivyo adhuhuri,
kama shahidi aliyefundishwa neno moja.

Chini yake Bi Mwanamvua Shekue alikuwa akipangusa
vitabu vya mwaka sitini na nne kwa kanga kuukuu,
koga ya kijani ikimganda vidoleni,
majina ya watoto wa Pongwe yakivimba.
Mhina mmoja alikwisha kumezwa kichwa,
amebaki “ina”.

“Fundi,” akaniambia, “chombo chako hakisemi uongo.
Kinasema nusu.”

Nilikuja na ngazi, bisibisi, na kiburi cha chuo.
Nikapima: ishirini na nne kweli.
Gesi imetimia. Vichujio safi.
Nikataka kuandika *nzima* kwenye fomu niondoke,
ila wino ulitawanyika; karatasi ililegea
kama chapati iliyofunikwa ya moto.

Hapo nikamkumbuka mama, Makorora, jikoni:
kopo la chumvi lenye punje za mchele ndani.
Chumvi ikilia, haaniki mihogo
hata jua liwe limetoa macho.
Jua kitu kimoja, alisema, hewa kitu kingine.

Kisanduku kilifundishwa jua tu.
Chumba kikipoa, kinazima, kompresa inalala,
na maji yamebaki humu humu, ya baridi,
yanatafuta pa kukaa: gundi, kola ya shati,
kifua cha karani.

Nikanunua jicho dogo, ukubwa wa punje ya kunde,
jicho la kuona unyevu.
Usiku nikaandika amri upya, mbu wakinisimamia:
usizime kwa sababu ya ubaridi peke yake.
Feni iende polepole, kama mtu anayekamua
kanzu ya harusi. Kamua. Ngoja. Kamua.
Ishirini na sita iliyo kavu
ni bora kuliko ishirini na mbili inayotoka jasho.

Na kwenye kioo, chini ya 24, nikaweka namba ya pili:
83.

Ofisi ilisimama.
“Themanini na tatu ya nini?” akauliza Kilua wa uhasibu.
Ya maji mnayovuta puani, nikasema.
Mtu akakohoa. Kisha mwingine.
Kikohozi kilikuwa kikisubiri ruhusa.

Siku ya tatu mkuu aliniita. Bwana Semkiwa, mtu mpole,
aliyenyoosha suruali hadi mkunjo unakata.
“Iondoe. Wananchi wanapanga foleni, wanaitazama,
wanauliza vyeti vyao vinaoza au haviozi.
Namba moja ilitutosha miaka yote.”
Nikamwambia naweza kuificha machoni,
kwenye vitabu siwezi.
Akatazama dirishani kwa muda. “Ifiche.”

Nikaificha.
(Nalisema hili bila kujitetea; ankara yangu ilikuwa haijalipwa.)
Jicho nililiacha. Mashine inajua, kioo kimenyamaza.

Lakini bomba la nyuma ya jengo halina mkuu.
Linadondosha mchana kutwa ndani ya ndoo ya rangi,
na Gao mlinzi anamwagilia mchicha
kwa yale tuliyokuwa tukiyapumua.
Saa nane Bi Mwanamvua huchungulia,
huandika kwa penseli nyuma ya mlango:
ndoo moja na robo. Ndoo moja. Ndoo, kasoro kidogo.
Ndiyo namba ya pili, kwa mwandiko wake,
na hakuna aliyemwambia afute.

Jana nilipita kusafisha vichujio.
Mezani pake, kati ya muhuri na kidau cha wino,
palikuwa na kopo la chumvi, punje za mchele ndani.
Hakuniambia neno. Alilinyanyua
akalitikisa karibu na sikio langu:
chwa, chwa, chwa.