Damu ya Mzee

Jumanne. Mvua ya Hellifield haina haraka.
Nimetandaza gazeti juu ya meza ya jikoni
nikalikata behewa kutoka kwenye fremu yake,
ubavu, ubavu, ncha mbili, paa lililobinuka.
Plastiki ya kijivu. Ukiinusa,
inanuka kama kitu ambacho bado hakijawa chochote.

Gundi hii ni nyepesi kama maji, ila inayeyusha.
Tone moja kwenye ufa, na pande mbili
zinakuwa kitu kimoja, hakuna wa kuzitenga.
Ukikosea, alama ya kidole chako
itabaki pale hadi siku ya kiyama.
Iko moja, karibu na dirisha la mlinzi.
Nimeiacha.

Siku tatu za msasa, mbili za rangi:
damu ya mzee, mikono minne, myembamba.
Nambari nilizibandika kwa ncha ya sindano,
pumzi nimeibana kama mwizi darini.
Likang'aa.
Clive akasema, "Basi, liache hivyohivyo."

Kipya kinyemi, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi
kwenye ofisi ya vifurushi.

Nikachukua rangi nyeusi iliyolegezwa kwa spiriti,
nikaipaka ubavuni, nikaifuta kuelekea chini,
kila mara chini, maana mvua haipandi.
Masizi juu ya paa, mazito upande wa injini.
Kutu si nyekundu kama watu wanavyodhani.
Kutu ya kweli ni kahawia, huanzia kwenye bawaba,
hutoka kidogokidogo, kama siri ya nyumbani.
Na chini kabisa, kwenye magurudumu,
vumbi la breki, rangi ya makapi ya chai.
Clive akachungulia begani kwangu:
"Wiki nzima unajenga, jioni moja unaharibu."
Akaenda kumlisha paka.

Siharibu.
Naweka miaka ishirini
kwa brashi yenye nywele tatu.

Pembeni mwa vitasa sikupaka uchafu.
Pale nilisugua kwa pamba hadi rangi ikawa laini,
kwa sababu pale ndipo mikono ilipofika,
mikono ya Baba, Edgar Lofthouse, hamali wa stesheni;
kitasa cha kushoto zaidi,
maana alikuwa mtu wa shoto.

Jumamosi za kiangazi behewa lilileta njiwa,
njiwa wa mashindano, kutoka miji ya makaa ya mawe,
vikapu ishirini vya fito, na kila kikapu na barua:
*Tafadhali wafungue saa nne kamili.*
Nilikuwa na miaka saba, nimekaa juu ya mzani.
Baba alivipanga ukingoni mwa jukwaa,
akatazama saa, akatazama juu,
akangoja.
Kisha vifuniko, kimoja kimoja, mbio,
na sauti ile
sijaipatia brashi.

Vibandiko vilikuwa vimelowa,
akaandika kwa chaki ubavuni mwa behewa:
saa nne na dakika tatu.
Dakika tatu alizoziiba mwajiri wake hakuziona,
wala wenye njiwa hawakuuliza.
Njiani nyumbani nikamuuliza mimi.
"Kulikuwa na mwewe," alisema.

Kabla ya kufunga paa nimegundisha ndani
vikapu vinne, kila kimoja mdogo kuliko punje ya mchele,
na cha nne kifuniko kiko wazi.
Paa likikauka, hakuna atakayekiona,
hata mimi.

Mwezi uliofuata, kwenye maonyesho ya Skipton,
bwana mmoja aliinama na lenzi yake,
akakaa kimya muda mrefu juu ya kazi yangu.
"Nzuri," akasema. "Ila chaki umeiweka juu mno.
Hakuna hamali angefika pale."

"Baba alikuwa mrefu," nikamjibu,
nikalisukuma behewa kwa kidole
mpaka likagusana na wenzake.