Kiatu cha Kushoto

Lusajo mwanangu,
orodha yako nimeipata, ile uliyoichapa ofisini:
hospitali, maji, lami, benki, usalama,
na kila mji umeupa alama kama mtihani wa darasa la saba.
Nimeikunja, nikaifunga kwenye pindo la kitenge,
nikapanda basi.

Nilianzia Tukuyu, kilipozikwa kitovu changu.
Migomba ileile, mashamba ya chai yamechanwa kama nywele,
mvua bado haijastaafu.
Lakini kila anayesema "Ugonile" anamtaja na marehemu baba yako.
Siwezi kuishi mahali ambapo hata kichaka kinanipa pole.

Mbeya nililala Mwanjelwa siku nne, kwa dada yako Tusekile.
Ulivyoviandika vyote vipo, na zaidi.
Usiku malori ya Tunduma yanakohoa breki,
nondo za dirisha nene kama kidole gumba,
na Tusekile ananiambia, "Mama, huku pametulia,"
huku akifunga kufuli la tatu.

Njombe nilikaa usiku mmoja.
Asubuhi umande umeganda kwenye majani kama chumvi.
Magoti yalipiga kura kabla yangu.

Iringa nilipapenda, sikatai.
Kutoka Ipogolo unaukwea ule mlima, masikio yanaziba,
halafu upepo unakupokea mizigo.
Lakini mwenye nyumba wa Gangilonga
alinitajia kodi huku akivitazama viatu vyangu.

Wahenga wanasema nyumba njema si mlango.
Mimi, miaka thelathini na mmoja ya ukunga,
miji nimeijua kwa milango yake ya saa nane za usiku:
nani hufungua ukibisha kuomba taa,
nani hukohoa tu, akageukia ukutani.

Mafinga haikuwa kwenye orodha yako.
Basi liliharibika pale, wenzangu wakapakiwa kwenye jingine,
mimi nikabaki na harufu ya misonobari iliyopasuliwa,
vumbi la mbao hadi kwenye chai.
Nikapata chumba kwa Mama Kikoti, fundi cherehani.

Ng'ambo ya njia pana uzio wa mabanzi,
na juu ya nguzo, kiatu cha mtoto:
cha shule, cheusi, cha kushoto, bado kipya.
Jumanne kipo.
Jumatano mvua; mtu amekigeuza kifudifudi kisijae maji.
Alhamisi kimejazwa gazeti kikauke.
Sikumwona aliyefanya hivyo, wala aliyemtangulia.
Ijumaa nguzo tupu.
Nikasema, basi, hata huku.
Mchana wanafunzi wakatoka, na kamoja kati yao
kanakanyaga kushoto kwa nguvu kuliko kulia,
puh, puh, kama anayegonga muhuri.

Usidhani nimepofuka.
Mama Kikoti aliibiwa kuku wawili Pasaka.
Yupo mlevi wa mwisho wa mwezi, anaimba chini ya dirisha langu
na ubeti wa pili haujui.
Maji hutoka asubuhi, yakikumbuka.
Hospitali ni dakika kumi na tano kwa miguu yako,
kwa yangu, hesabu mwenyewe.

Jumapili, saa nane za usiku,
nilivaa koti, nikabisha kwa jirani nisiyemjua,
kuomba kiberiti nisichokihitaji.
Aibu ilinijaa, nusura nikimbie.
Taa iliwaka kabla sijabisha mara ya pili.
Akatoka mwanamke, kilemba kimeinama upande,
kiberiti akanipa bila hata kuniuliza jina.
Aliuliza, "Nani anaumwa?"
na mguu wake mmoja ulikuwa tayari ndani ya ndala.

Nimelipa kodi ya miezi sita.
Dirisha langu nalo lina nondo, nyembamba,
nimezianikia soksi.
Orodha yako nimewashia jiko.
Kiberiti nitakirudisha kesho.