Dungu la Kukodi

Arnulfo alitupokea langoni kabla ya alfajiri,
tochi mdomoni, mikono yote miwili kwenye mnyororo.
"Pesa baadaye," alisema. "Kwanza viatu."
Akamtazama binti yangu toka unyayo hadi utosi,
akampa buti za mwanawe, kubwa kidogo,
na gazeti kuukuu la kujazia vidoleni.

Raelynn ana miaka kumi na miwili.
Tangu Waco alikuwa amefungua kinywa mara mbili:
kuomba tusimame akojoe,
na kuuliza kama nguruwe huota ndoto.

Tulipita shamba la karanga, au lililokuwa shamba.
Limefukuliwa lote, udongo chini juu,
kama trekta la mlevi aliyekuwa akitafuta pete.
"Usiku mmoja tu," Arnulfo alisema. "Ishirini na wanne.
Asubuhi mwenye shamba alikaa pale, juu ya ndoo,
kofia magotini."

Dungu lenyewe ni sanduku la bati juu ya nguzo nne.
Ndani, viti vitatu vya ofisini, kimoja hakizunguki.
Masharti: usikohoe. Usijipake marashi.
Usiseme, hata kwa kunong'ona,
kwani upepo wa Mto Brazos ni mmbea.

Nikafurahi, Mungu anisamehe.
Nilikuwa na neno nimelibeba majuma sita
kama kijiwe ndani ya kiatu:
kazi mpya, visima vya mafuta, Odessa,
mwendo wa saa tano na ushee,
Jumamosi moja kwa mwezi badala ya nne.
Nimelipa dola mia nne nipate pa kumwambia,
na mahali penyewe pananikataza kusema.

Saa kumi na mbili na robo pipa la mahindi lilikoroma,
likatema punje gizani.
Wakaja. Harufu kwanza,
kisha mguno, kisha kiza kikakatika vipande
na kila kipande kikaota miguu.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu.
Nikaweka shavu kwenye kitako cha bunduki.
Mimi, ninayechomelea mabomba juu ya ngazi
bila mkono kucheza,
niliona alama ya darubini ikiyumba
kama mtu anayesema hapana.
Nikamsukumia yeye.

Hakuniuliza. Alivuta pumzi,
akaiachia nusu, kama alivyofundishwa saa ile
kwa kulenga kopo la maharagwe.

Kimya kingi; mshindo mmoja.

Kundi likayeyuka. Dume mmoja akabaki,
akapiga hatua tatu
za mtu aliyesahau kitu jikoni,
akalala.

Nilimsubiri alie. Leso nilikuwa nayo.
Aliokota ganda la risasi, akalinusa,
akalitia mfukoni, akashuka ngazi
buti zikigonga kila kipago.

Chini ya mwaloni Arnulfo alimning'iniza yule dume,
akampa Raelynn kisu kifupi:
"Taratibu hapa. Ukitoboa kibofu, chakula kimekwisha."
Mvuke ukapanda. Mikono ya koti lake ikalowa.
Na bila kugeuka, kana kwamba anaongea na nyama:
"Odessa kuna nguruwe?"

Arnulfo akakumbuka kitu garini.

"Nani kakwambia?"
"Hakuna. Siku hizi humlaani tena bosi wako."

Nilikuwa nimetunga hotuba, nzuri tu,
ina mwanzo na ina katikati.
Ikanitoka yote.
"Sijui kama wapo," nikasema. "Nitauliza."
"Uliza," akasema. "Shika mguu huu, unanizuia."

Nikashika. Ulikuwa bado na joto.
Katikati ya kwato, udongo mwekundu,
na ganda moja la karanga, limekwama,
karanga yake imo ndani, haijaliwa.