Pete Moja, Isiyo na Kito

Saa kumi na moja alfajiri, Burnley, mvua inakuna vioo,
nami nimesimama mlangoni pa chumba cha unga
na ubao wangu wa karatasi.
Wavu wa nywele. Wavu wa ndevu. Onyesha mikono, geuza, pita.
Kalamu yangu ni ya buluu, haina kifuniko;
plasta zetu ni za buluu, zimefichwa uzi wa chuma,
maana hakuna pai ya buluu,
na kinachopotea humu lazima kionekane.

Hereni, hapana. Saa, hapana. Mkufu, hata wenye msalaba, hapana.
Kipini cha pua cha Tahira kimelala kabatini
ndani ya kijaluba cha vidonge.
Beji za pini, hapana.
Ndiyo maana jina langu limedariziwa kifuani, WASIM,
na ile M imeanza kufumuka.
Kanuni ya tisa: pete moja, laini, isiyo na kito.

Lorraine Entwistle ana mbili.

Miaka ishirini na sita anabana kingo za pai kwa kidole gumba.
Ulipotimia wa ishirini kampuni ilimpa beji ya fedha, umbo la pai,
na pini nyuma yake.
Mkurugenzi alimbandika mwenyewe, tukapiga makofi,
kisha nikamwambia aivue kabla hajavuka mlango.
Alicheka hadi wavu ukamvuka kichwani.

Leo hacheki.
Mbili, nasema.
Najua kuhesabu, anasema.
Ya ndani ni ya Neville. Tumemzika Alhamisi.
Ni pana, vidole vyake vilikuwa kama soseji, Mungu amrehemu,
kwa hiyo nimeizuia na yangu.
Nikivua yangu, yake inadondoka.
Nikivua yake,
akanyamaza. Nyuma yake foleni ikakohoa.

Chanda chema huvikwa pete, walisema waliosema.
Hawakusema itakuwaje kikivikwa mbili,
na mwisho wa mkanda kuna mashine
inayosikia chembe ya chuma ndogo kuliko punje ya ulezi
na kusimamisha pai mia nne.

Nikatafuta mlango ndani ya kanuni.
Mfukoni? Makoti yetu hayana mifuko, kwa makusudi.
Ndani ya soksi? Kanuni ya kumi na nne.
Nikawaza kuandika moja na kutazama pembeni.
Kalamu ilikuwa mkononi, wino ulikuwemo.
Kisha nikamwona mtu nisiyemjua,
mbele ya televisheni, sahani mapajani,
anauma, anasita,
anatoa kitu kinywani na kukitazama.

Akaniokoa mwenyewe.
Akailamba pete yake, ile ya kanisani,
akaizungusha, akaivuta, kifundo kikawa chekundu,
ikatoka na kuacha bonde jeupe.
Akaniwekea kiganjani, bado ina joto.
"Hii haitanisahau mpaka saa nane," alisema.
Ya Neville akaihamisha kwenye kidole gumba,
ikashuka polepole, ikakaa. Akatikisa mkono. Haikucheza.

Pete moja. Laini. Haina kito.
Nilisoma kanuni ya tisa mara tatu:
haikutaja kidole.

Nikamrudisha sinki, maana alilamba.
Sekunde ishirini, kwa sabuni, mbele yangu.
Akanitazama kama mama anayetazamwa na mtoto akila.

Siku hiyo kila pai ya meza yake
ilitoka na kikovu pembeni, kama kucha ya mwezi,
pale dhahabu ilipobonyeza unga.
Mkaguzi wa ubora akaiinua moja kwenye mwanga.
Hii nini?
Nikaandika kwa buluu: *ukingo, kawaida*,
na mvuke wa nyama na viazi
ukaifanya karatasi ijikunje.