Kadi Nyeusi

Leo ukumbi wa michezo, hapa Queens,
umebomoka kwa maneno tu.
Mwalimu Pietrowski kapuliza kipenga,
tukalala sakafuni, kila mmoja na jeraha lake la karatasi.
Langu: *hapumui*.

Yadiel akaniinamia, akahesabu hadi kumi,
akanifunga kadi nyeusi kidoleni,
akanivuka.
Ndivyo tulivyofundishwa: wa kupona kwanza.

Maiti haruhusiwi kukodoa macho. Nilikodoa.
Taa za dari, mpira ulionasa kwenye chuma,
kisha bibi, katika kile chumba cha chini ya ardhi,
usiku ule maji yalipowatangulia zimamoto.
Yeye nani alimhesabia?

Kengele. Yadiel karudi mbio,
mkono ukimtetemeka.
"Inuka basi," akasema,
"piza itaisha."